Nani Kasema Ajali Haina Kinga?

 

Hapana msikiti katika nchi hii ambao haujamswalia maiti aliyekufa barabarani. Tunapanga safu, tunaleta takbira nne, tunalibeba jeneza mpaka makaburini, na kabla udongo haujakauka anasimama mzee wetu mmoja, au sheikh wetu, akatufariji kwa maneno tuliyoyazoea: ajali haina kinga, siku yake ilikuwa imefika, Allah ndiye aliyetaka. Watu wanaitikia, wanapeana mikono na wafiwa, wanatawanyika. Wakati huo dereva aliyegonga yuko nje kwa dhamana, gari lake limeegeshwa katika uwanja wa kituo cha polisi, na mjane anaingia eda akiwa na watoto wanne na deni la duka. Hakuna aliyeuliza kama gari lile lilikuwa na bima. Hakuna aliyeuliza lilikuwa likienda mwendo gani.

Sisi tunasema kwamba maneno yale, yakisemwa mahali pale na kwa namna ile, hayawi tena faraja. Yanakuwa pazia. Nyuma ya pazia hilo anajificha dereva aliyelewa usingizi, mwenye basi aliyezidisha abiria, na mwenye gari aliyenunua stika ya bandia kwa sababu ilikuwa rahisi. Wote hao tunawasamehe kwa niaba ya mtu ambaye hajatutuma, na haki tunayoisamehe si yetu. Ni ya mayatima.

Tusieleweke vibaya. Kuamini Kadari, heri yake na shari yake, ni katika nguzo za imani, na hatubishani na yeyote juu ya hilo. Tunachobishia ni Kadari kugeuzwa leseni ya udereva. Ni nani asiyeijua hadithi ya yule bwana aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Allah, akaamrishwa kumfunga kwanza, kisha ategemee? Imepokewa na Tirmidhi, na watoto wa madrasa wanaihifadhi. Na Khalifa Omar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akaletewa habari ya tauni, aliwarudisha watu. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah. Jibu la Omar, katika maana yake, lilikuwa kwamba ndiyo, anaikimbia kadari ya Allah na kuiendea kadari nyingine ya Allah. Basi anayefunga mkanda, anayepunguza mwendo na anayekata bima anaiendea kadari ya Allah vile vile. Wala hakuna aliyetwambia kwamba kadari inakaa upande wa wazembe tu.

Takwimu tulizonazo hazitoki kwa wapiga porojo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilihesabu watu wapatao milioni 1.19 wanaokufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 hakuna kinachoua zaidi ya hicho. Zaidi ya vifo 9 katika kila 10 vinatokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, na zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Sasa tunawauliza wanaosema ajali haina kinga: je, kadari ya Allah inawapenda zaidi watu wa Sweden kuliko watu wa Kibaha? Au watu wa Sweden wamefunga ngamia wao?

Tuje kwenye bima, kwa kuwa hapo ndipo ujinga wetu ulipokithiri, na ujinga huo una gharama.

Waulize wenye magari kumi watokao swala ya Ijumaa bima waliyoikata ni ya nini. Tisa watajibu kwamba ni ya trafiki. Wanakata ili wasisimamishwe, wakisimamishwa wasipigwe faini. Kwa fikra hiyo bima inakuwa ndugu wa kodi, na kila mtu hutafuta njia ya kuikwepa au kuipunguza. Hali halisi ni nyingine kabisa. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169 ya sheria za Tanzania, inamkataza mtu kutumia gari barabarani, au kuruhusu litumiwe, bila bima ya mtu wa tatu. Na mtu huyo wa tatu ni nani? Wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni ya bima. Wa tatu ni yule ambaye hakuwemo katika mapatano yao, hakutia saini, wala hakujua kama mapatano yapo: mpita njia, mwendesha baiskeli, mama anayeuza mihogo kando ya barabara, mtoto anayevuka kwenda chuoni na juzuu yake kwapani. Sheria ilitungwa kwa ajili ya huyo. Ilijua kwamba mwenye gari aghalabu hana mali ya kulipa roho au mguu wa mtu, ikamwambia: kabla hujaingia barabarani na chuma hiki, hakikisha yupo atakayelipa.

Hiyo ndiyo inayoitwa mitaani bima ndogo. Ukigonga ukuta na gari lako likabonyea, bima ndogo haikupi hata senti, na wengi huja juu hapo, wakidai kwamba wameibiwa. Hawakuibiwa. Hawakusoma. Atakaye gari lake mwenyewe litengenezwe hukata bima kubwa, na kati ya hizo mbili ipo inayoongeza moto na wizi juu ya haki ya mtu wa tatu. Bima kubwa ni hiari ya mtu na mali yake, na hatuna ugomvi na asiyeikata. Ugomvi wetu ni juu ya ile ndogo, kwa kuwa asiyeikata hajapunguza katika mali yake. Amepunguza katika mali ya mwingine.

Hapa ndipo baadhi ya ndugu zetu wanapoinuka na kusema kwamba bima ni haramu. Tunawasikiliza kwa heshima, kwa sababu hoja yao ina msingi. Baraza la Fiqhi la Kimataifa lililo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1985, lilisema kwamba mkataba wa bima ya kibiashara wenye ada maalumu umebeba gharari kubwa inayoubatilisha, na likasema kwamba badala yake inayoafikiana na misingi ya Uislamu ni bima ya ushirika, yaani watu kuchangia mfuko kwa nia ya kusaidiana. Sudan walikuwa wameshaanza kampuni ya namna hiyo mwaka 1979, Malaysia wakaitungia sheria mwaka 1984, na Kenya ikapata kampuni yake ya takaful mwaka 2011. Hapa kwetu pia mlango huo umefunguliwa katika miaka ya karibuni, na mwenye dhamiri hana budi kuuliza kama gari lake laweza kuingia humo kabla ya kwenda kwingine.

Lakini tuseme kweli. Wengi katika hao hao wanazuoni wanaoiharamisha bima ya kibiashara wamesema pia kwamba aliyelazimishwa na sheria ya nchi hana dhambi kuikata, maadamu anakomea pale alipolazimishwa. Kwa hiyo mjadala wa bima kubwa bado una uwanja, na ule wa bima ndogo umekwisha kujibiwa. Tena tumewaona kwa macho yetu watu walionunua gari kwa mkopo wa riba, wakalipa riba hiyo mwezi baada ya mwezi kwa moyo mkunjufu, kisha siku ya kukata bima ndipo wanapokumbuka gharari. Uchamungu unaoanzia kwenye laki moja ya mtu wa tatu, ukanyamaza mbele ya mamilioni ya benki, tunautilia shaka.

Na lipo jambo ambalo wanaoharamisha huwa hawalitaji. Uislamu haukumwacha aliyeuawa kwa bahati mbaya bila wa kumlipia. Sura An-Nisaa, aya ya 92, imeweka mambo mawili kwa aliyeua kwa kukosea: diya ikabidhiwe kwa watu wa marehemu, ila wakisamehe wenyewe, na kafara, ambayo kwa asiyepata mtumwa wa kumwacha huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Diya hiyo haikubebeshwa mkosaji peke yake. Ilibebwa na akila, yaani jamaa zake wa upande wa baba, wakachangizana kila mmoja kwa kiasi chake. Omar (r.a.) alipoyapanga majeshi katika daftari, aliwafanya watu wa daftari moja wabebane diya, na wanazuoni wa madhehebu ya Hanafi wakaichukua hiyo kuwa hoja. Maana yake ni kwamba toka zamani Waislamu walijua kuwa mzigo wa roho ni mzito kwa mtu mmoja, na kwamba aliyepotelewa asiachwe akining'inia kwenye umaskini wa aliyemwulia.

Leo akila ya dereva wa daladala iko wapi? Baba mdogo yuko Kondoa na mbuzi watatu. Ami mwingine hapokei simu. Anayesema bima ni haramu, basi atuletee akila. Atuonyeshe mfuko, majina ya wachangiaji na kiasi kilichomo. Asipokuwa navyo, asimwambie mjane kwamba dini imemzuilia haki yake, kwa sababu dini ilimpa haki hiyo kabla ya kampuni yoyote ya bima kuzaliwa.

Kwa upande mwingine, mwenye bima asidhani kwamba mkataba wake umefuta kila kitu. Kampuni yaweza kulipa fedha. Haifungi saumu. Ni madereva wangapi katika jamii yetu walioua mtu kwa uzembe, wakalipiwa na bima au wakatozwa faini mahakamani, na hawajafunga hata siku moja katika ile miezi miwili? Ni maimamu wangapi waliowakumbusha? Hilo nalo limezikwa pamoja na marehemu chini ya maneno kwamba ajali haina kinga.

Tumjongelee sasa yule wa stika ya bandia. Tangu biashara ya bima ilipofunguliwa kwa makampuni binafsi katika miaka ya 1990, mawakala wamejaa mijini, wengi waaminifu, na pembeni yao wakaota matapeli. Tunamjua kijana mmoja, fundi seremala, mwenzetu katika darsa ya usiku. Aligongwa na pikapu akiwa kando ya barabara, si katikati, akiwa amebeba ubao begani. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu ya goti. Ndugu zake walipofuatilia, stika iliyokuwa kwenye kioo ilikutwa haina kumbukumbu katika vitabu vya kampuni iliyoandikwa juu yake. Mwenye pikapu hakukana. Alisema aliuziwa nusu bei na mtu wa mtaani, na kwamba kila mtu pale stendi ananunua kwa mtu huyo. Mbele ya sheria fundi wetu angali na haki juu ya mwenye gari mwenyewe. Lakini pikapu ile ilikuwa imechakaa, nyumba ni ya kupanga, na hukumu juu ya asiye na kitu ni karatasi. Kijana anapiga randa akiwa ameketi. Mwenye pikapu tunaswali naye.

Kwa hiyo hatukubali mtu akisema kwamba naye alitapeliwa. Anayenunua kitu cha laki moja kwa elfu hamsini gizani amejua anachokinunua. Wala uhakiki siku hizi si kazi ngumu: Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo katika intaneti ambamo unaweka namba ya usajili ya gari au namba ya stika, ukaona kama bima ipo na inakwisha lini. Ni kazi ya dakika mbili, na hata abiria anaweza kuifanya kabla ya kupanda.

Ndugu wa stika ya bandia ni yule anayesema uongo katika fomu. Gari linabeba abiria wa kulipa tangu alfajiri hadi usiku, na katika hati ya bima limeandikwa kuwa la matumizi binafsi, kwa sababu ada ya gari binafsi ni ndogo. Siku ya ajali kampuni inafungua hati, inaona matumizi si yale yaliyoandikwa, na mzozo unaanza. Huo ni uongo ulioandikwa na kutiwa saini, na mwenye kuutia saini huwa ametoka kwenye darsa iliyosomeshwa habari ya amana.

Upande wa walioumia nako kuna maradhi, na hatutawaficha. Mjane mmoja wa mtaani kwetu aliletewa shilingi laki nne na gunia la mchele siku ya tatu ya msiba. Shemeji zake, ambao ndio walioketi na watu wa dereva, walimwekea karatasi yenye maneno kwamba tumemalizana, akaweka dole gumba. Hakuwa ameambiwa kama gari lina bima. Hakuwa ameambiwa kama karatasi ile itatolewa mbele yake siku akidai zaidi. Sisi hatupingi sulhu, kwani sulhu ni heri na kusamehe ni daraja kubwa. Ila anayesamehe ni lazima ajue anachokisamehe, naye awe ndiye mwenye haki, si shemeji anayetaka nauli ya kurudi kwao.

Ajue nini? Ajue kwamba faini inayotozwa mahakamani katika kesi ya trafiki inaingia serikalini na yeye haimfikii, ingawa hukumu ile itamfaa kama ushahidi anapodai fidia. Ajue kwamba majeruhi huanza na fomu ya polisi, PF3, kisha nyaraka zote za hospitali zitunzwe, hata risiti ya bandeji. Siku ile ile ya ajali pawepo mtu mwenye akili iliyotulia wa kuandika namba ya gari, jina la kampuni ya bima, namba ya hati na majina ya walioona, kwa kuwa baada ya wiki moja mashahidi wamerudi kwenye shughuli zao na gari limeondolewa kituoni. Kampuni ya bima iandikiwe mapema. Akifa mtu, mahakama iombwe kumteua msimamizi wa mirathi, na hapa twawalaumu Waislamu hasa, maana jambo la mirathi tunalilaza miaka, tukiona aibu kulitaja, na muda haungoji. Madai ya namna hii kwa Tanzania Bara yana ukomo wa miaka mitatu chini ya Sheria ya Ukomo ya mwaka 1971. Tumeona familia iliyokwenda kwa wakili mwaka wa tano. Na kampuni ikizungusha watu, kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, iliyowekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ambako mtu anaweza kupeleka malalamiko yake bila kuanza na mahakama. Mambo haya hayana ugumu unaozidi hukumu za tayamamu. Ni kwamba hayasomeshwi.

Sasa tujitazame wenyewe, sisi watu wa misikiti, kwani ni rahisi kumlaumu dereva wa basi la mikoani tukasahau misafara yetu.

Msiba ukitokea, lori la mchanga linaazimwa. Vijana hamsini wanapanda nyuma, wamesimama, wengine wamekaa juu ya ubavu wa bodi, na mbele yao gari la maiti linakwenda mbio likiwasha taa. Ukiuliza kwa nini mbio, utaambiwa kuharakisha jeneza ni sunna. Ndiyo, ni sunna, na ilisemwa kwa watu waliolibeba mabegani wakienda kwa miguu. Hakuna mwanazuoni aliyeitoa humo ruhusa ya kuvuka taa nyekundu. Na lori lile likipinduka, jueni hivi: bima ya lazima haimshurutishi mwenye gari kuwawekea kinga watu anaowabeba bure ndani ya gari lake. Inamshurutisha kwa abiria wanaolipa na kwa wanaosafirishwa kwa ajili ya mkataba wa kazi. Aliyemo juu ya lori la hisani, ikiwa mwenye lori hakuongeza kinga hiyo kwa hiari yake, hayumo. Vijana hamsini wa msikiti wamepandishwa mahali ambapo sheria haikuwahesabu, na kamati ya msikiti ndiyo iliyowapandisha.

Ziara za madrasa ni vile vile. Basi la watu ishirini na tano linajazwa watoto arobaini kwa hoja kwamba watoto ni wadogo, wanabanana. Tarehe 6 Mei 2017 huko Karatu basi dogo lililokuwa limebeba wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Arusha liliporomoka bondeni, wakafa wanafunzi 32, walimu 2 na dereva. Nchi nzima ililia. Misikiti iliomba dua. Na Maulidi iliyofuata tukawabananisha watoto wetu kama kawaida.

Halafu mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu, na kilomita 80 kuwa kikomo cha mabasi ya abiria na magari mazito. Mara ngapi tumekaa ndani ya basi linalokwenda mia na ishirini, tasbihi mkononi, tukimwomba Allah atufikishe salama, na hakuna aliyenyanyua kinywa kumwambia dereva apunguze? Bali wapo wanaomhimiza. Tunaamrishana mema juu ya urefu wa suruali, na kukatazana maovu juu ya muziki wa kwenye basi hilo hilo, lakini uovu unaoweza kuua watu sitini kwa pamoja tunauona ni kazi ya trafiki. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wameeleza kwamba kila asilimia moja inayoongezeka katika mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia 4 hivi. Mkanda, kwa maelezo yao, unaweza kupunguza vifo vya waliomo garini hadi nusu. Kofia ngumu ya bodaboda mnaijua wenyewe, ile inayoning'inizwa kwenye usukani ikapata upepo huku kichwa cha mwenyewe kikiwa wazi. Dada zetu wengine huikataa kwa kuwa inaharibu mtandio. Wauguzi wa wodi za majeruhi wawaeleze kinachoharibika.

Wala hatusemi haya kwa rai yetu tu. Lile Baraza la Fiqhi tulilolitaja lilikutana Brunei mwaka 1993, likazungumzia ajali za barabarani kwa makusudi, na likaamua kwamba kuzifuata kanuni za usalama barabarani zisizopingana na Sharia ni wajibu wa kidini, na kwamba dereva anawajibika kwa madhara anayowafanyia wengine, katika miili yao au mali zao, isipokuwa pale ambapo nguvu asiyoweza kuizuia iliingia, au kosa ni la aliyeumia mwenyewe au la mtu mwingine. Zaidi ya miaka thelathini imepita tangu uamuzi huo. Tumehudhuria khutba nyingi katika miaka hiyo. Tumesikia juu ya Hunayn na Tabuk, na tunashukuru kwa elimu hiyo, lakini khutba inayosema kwamba kuvuka taa nyekundu ni maasi tunaweza kuihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na vikabaki.

Tunawataka maimamu, kwa heshima zote, wayaache yale maneno ya makaburini. Wamfariji mfiwa kwa subira na kwa ahadi ya Mola wake, kisha waiulize kamati, pale pale au siku ya pili yake, nani anafuatilia haki ya familia hii. Tunazitaka kamati ziwe na mtu mmoja tu anayezijua njia hizi, aliyekwisha kuingia katika ofisi hizo na asiyeogopa kuketi na mawakili, kama zilivyo na mtu wa sanda na mtu wa funguo. Na tunamtaka kila mwenye gari asomaye haya aitoe hati yake ya bima kwenye droo, aisome matumizi yaliyoandikwa, aitazame tarehe.

Kwa upande wetu tumeanza na safari zetu wenyewe. Gari lolote linalokodiwa au kuazimwa kwa jina la msikiti linahakikiwa bima yake kabla ya kuondoka. Abiria ni idadi ya viti, na dereva anaambiwa mwendo wake mbele ya wote. Safari ya kwanza chini ya utaratibu huo ilikuwa ya maziko nje ya mji. Magari yalikuja matano, na mawili yakabaki uwanjani, moja kwa kuwa bima yake ilikwisha miezi minne nyuma, na jingine kwa kuwa lilikuwa lori. Maneno yalikuwa mengi, na wazee wawili waliondoka wamekasirika. Waliokosa viti walipanda daladala kwa fedha za mfuko wa msikiti. Tulifika tumechelewa karibu saa nzima, tukakuta jeneza bado halijatoka ndani.